Ndiva ya Kioo

Kiswahili hakijatulia juu ya jina la kile chombo cha kioo kinachotiwa maji baridi, kikapandwa majani ya majini, kikafugiwa samaki wa kutazamwa. Wauzaji husema tenki. Waliokaa sana shuleni husema akwariamu. Wafasiri husema tangi la samaki. Kwa msemaji wa kawaida hapana taabu, kwa kuwa kila jina litamfikisha. Kwa mtunzi wa mashairi taabu ipo, nayo ni ya hesabu: tangi la samaki ni mizani sita, akwariamu ni tano, na katika kipande cha mizani nane mtu akishatumia sita kukitaja chombo amebakiwa na mbili za kusema jambo lake. Suala hili limenishughulisha kwa sababu mwaka huu nimekitengeneza chombo hicho mwenyewe, hapa Same mjini, na kitu ukikitengeneza kwa mikono yako hupendi kukiita kwa jina la dukani.

Mwambao uliwahi kuwa na jibu. Katika nyumba za mawe za Lamu palikuwa na birika. Silo hili la chai. Ni hodhi lililojengwa kwa mawe na chokaa, la maji ya kuogea na kutawadhia. Ndani yake waliwekwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Sakafuni mwake palizamishwa bakuli la kaure la Kichina, ili siku ya kusafisha, maji yakishatolewa, samaki wabakiwe na kidimbwi cha kungojea. Mimi nimelisoma jambo la bakuli lile mara nyingi na sijalichoka. Aliyelibuni alikwisha kufikiri kwa niaba ya samaki, na hiyo ndiyo kazi yote ya ufugaji huu. Lakini birika limehamia jikoni. Nikisema leo kwamba nina samaki saba ndani ya birika, msikilizaji ataniuliza kama mchuzi umekolea.

Waingereza nao walipita njia hii ya kutafuta jina. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London, pale Regent's Park, ilifungua nyumba ya samaki wa kutazamwa kupitia vioo, na watu wakawa na kitu kipya kisicho na jina lililokubalika. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe aliyekuwa pia mwandishi mahiri, alitoa kitabu chake *The Aquarium*, na neno likashika. Ni neno la Kilatini, na kwa Warumi halikuwa na uhusiano wowote na samaki wa mapambo. Lilikuwa mahali pa kunyweshea ng'ombe. Yaani, kwa Kiswahili cha wafugaji wa tambarare zetu, lambo.

Nilipolijua hilo nilicheka, kisha nikaona kwamba mlango umeachwa wazi. Ikiwa neno la ng'ombe wa Warumi liliweza kubeba kioo, taa na samaki wa rangi, basi milima iliyo nyuma ya nyumba yangu ina neno linaloweza kubeba hayo hayo, tena kwa haki zaidi. Neno hilo ni ndiva.

Kwa msomaji ambaye hajafika Upareni: ndiva ni hodhi la udongo linalochimbwa na kuzungushiwa ukuta mteremkoni, pale kijito au mfereji unapopita. Usiku, watu wakiwa wamelala, maji huingia na kujikusanya. Asubuhi mdomo wa ndiva huzibuliwa, na maji yaliyokuwa yakitiririka kwa unyonge hutoka kwa nguvu ya kutosha kufika mashambani bila kunywewa na mfereji njiani. Jioni huzibwa tena. Kuna zamu, na kuna msimamizi wa zamu. Ndiva nyingi zilichimbwa na koo na zikaitwa kwa majina, kama watu. Ile ya Manoo, upande wa Bangalala, imewahi kuwavutia hata watafiti wa maji kutoka nje. Mtu akisimama Makanya barabarani na kuangalia juu haoni chochote cha haya. Huona vumbi, mkonge na mlima wa kijani ulio mbali, akadhani mlima hauna habari na vumbi.

Neno lenyewe ni la Chasu, lugha ya Wapare, na msomaji mwenye wivu wa Kiswahili ataniuliza kwa idhini ya nani. Nitamjibu kwa ikulu, lililotoka Unyamwezi. Kwa ngeli, lililotoka Uhaya na kukaa katikati ya sarufi yetu kama mwenyeji. Na kwa kitivo, ambalo vyuo vikuu hulitamka kila siku bila kukumbuka kwamba lilishuka kutoka milima hii ya kaskazini mashariki. Ndiva ina mizani mbili. Kina cha *-va* ni kina maskini, nakiri. Nilipoketi kukitafutia wenzake nilipata iva, nikapata mava, yale ya makaburini, kisha nikakaa muda mrefu bila kuandika kitu. Hata hivyo iva peke yake lilinitosha, kwa sababu nitakayoieleza.

Chombo kilitengenezwa na fundi wa vioo na alumini, yule yule anayeweka madirisha. Nilimpa vipimo: urefu sentimita 60, upana 30, kimo 35, kioo cha milimita 6, kingo zisuguliwe, viungio vifungwe kwa silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu, kwa maana dawa hiyo huua na samaki. Aliniuliza dirisha hili litakaa chumba gani. Kikijaa hadi ukingoni kingechukua lita 63; ukitoa udongo, mawe na nafasi ya juu, hubaki kama 50. Nalitaja hili kwa sababu mama yangu, ambaye naishi naye, alilitaja kabla yangu. Alisimama mlangoni, akakitazama chombo kitupu, akasema: "Ndoo mbili na nusu."

Hakusema zaidi. Asiyekulia Same hatalisikia neno lililokuwa ndani ya hesabu ile. Mji huu umekaa upande wa kivuli cha mvua. Mawingu yanayotoka baharini huishusha mizigo yao Gonja na Ndungu, ng'ambo ya mlima, yakatufikia sisi yakiwa mepesi. Mradi mkubwa wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota maji bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025, na sasa bomba linaweza kufunguliwa na likajibu. Lakini mazoea ya ndoo hayafutwi na bomba. Mama alizibeba ndoo kichwani tangu akiwa na miaka saba, na mpaka leo akinawa mikono hutega beseni chini ili maji yale yaende kwenye mgomba. Mbele ya mtu wa namna hiyo, kutia lita 50 ndani ya kioo ili zitazamwe ni jambo linalohitaji hoja, na siku ile hoja sikuwa nayo. Nilikuwa na hamu tu.

Kwenye udongo nilifuata njia ya Diana Walstad, Mmarekani aliyeandika mwaka 1999 kitabu kizima juu ya maji yanayotunzwa na majani badala ya mitambo. Njia yake humfaa mtu wa mlimani: udongo wa kawaida wa bustani, usiotiwa mbolea ya chumvichumvi, unene wa vidole viwili, juu yake mchanga au kokoto, unene kama huo, ili udongo usipande na kuyachafua maji. Udongo niliuchukua chini ya migomba ya mjomba wangu, katika kijiji kimoja cha juu ya Makanya. Mchanga niliutoa korongoni, nikauosha mara kumi na moja, na maji ya kuoshea yote yakaenda alikoelekeza mama.

Kwenye mawe mtu wa Same awe na hadhari. Vitabu vya ufugaji huu husema: lidondoshee jiwe siki au ndimu, likitoa povu, lina chokaa, nalo litayafanya maji yawe magumu. Kanuni hiyo ni njema, ila haikuandikwa na mtu aliyefika Makanya. Makanya huchimbwa jasi, ile inayopelekwa viwandani kutengenezea saruji, na jasi haitoi povu hata ukiimwagia ndimu za mti mzima. Ikiingia majini huyeyuka polepole na kuyagumisha vile vile. Kwa hiyo nikayaacha mawe meupe yote, hata yale mazuri kama meno, nikachukua mawe meusi ya juu mlimani, ambayo maji ya kijito yameyalamba miaka na miaka bila kuyapunguza.

Majani yalinipa shida ya lugha kuliko shida ya mikono. Yungiyungi tunalo, neno zuri, mizani nne, nalo nilipanda moja dogo katikati. Lakini lile jani lenye umbo la mkia wa mbweha, lisilo na mizizi, linaloelea na kukua upesi kuliko yote, halina jina nililolisikia kwa mtu yeyote huku, ingawa liko karibu kila bara la dunia. Wataalamu huliita *Ceratophyllum*. Lile refu kama utepe, linalolala pale maji yanapolielekeza, nililipata kwa mfugaji mmoja wa Moshi, naye huliita "utepe". Nimeliacha hivyo. Tuna majina thelathini ya maembe na ndizi, na chini ya uso wa maji baridi tumekaa kimya. Hata mwani ni wa baharini. Ule utelezi wa kijani unaoshika vioo na mawe mama huuita ukoga, nami namfuata, kwa kuwa wenye maneno ni waliokuwa wakisugua mitungi.

Maji niliyaacha ndoo wazi usiku na mchana ili klorini itoke, kisha nikayamimina juu ya sahani, taratibu, yasifukue mchanga. Siku ya tatu yakatakata. Hapo kila mgeni aliuliza: samaki wako wapi?

Samaki hawakuwapo, wala hawakuwapo kwa siku 38. Hiki ndicho kipande cha kazi hii ambacho hakimvutii mtu, na kwangu mimi ndicho chenye utamu. Chombo kipya, hata kikiwa na maji safi namna gani, ni sumu. Samaki akila hutoa amonia, na amonia humwunguza mashavu. Wapo vijidudu wasioonekana wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo pia ni sumu. Na wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na majani huila kama mbolea. Hawa vijidudu hawanunuliwi sokoni. Huja wenyewe, hukaa juu ya mawe, mchanga na majani, huongezeka kwa kadiri ya chakula wanachopata, na hawaharakishwi. Kila siku nilitupia chembe za chakula cha samaki ndani ya maji yasiyo na samaki, zioze, ziwalishe. Mama alinitazama nikiwalisha wasiokuwapo na akanyamaza, na kimya chake kilikuwa kirefu kuliko cha siku ya kwanza.

Nilipima kwa matone ya dawa yanayobadili rangi. Siku ya tisa amonia ilikuwa juu. Siku ya kumi na saba ilianza kushuka na nitriti ikapanda. Wiki ya tatu ikaja ile rangi ya kahawia juu ya kila kitu, kama vumbi la barabarani lililopata ruhusa ya kuingia majini, na nyuma yake ukoga wa kijani. Nikapunguza taa kutoka saa nane kwa siku hadi sita. Siku ya thelathini na tatu amonia na nitriti zote zikasoma sifuri. Nikasubiri siku tano zaidi, zikabaki sifuri. Waingereza husema hapo kwamba duara limekamilika. Sikuitaka picha hiyo. Nilimwita mama jikoni nikamwambia, maji yameiva.

Akakubali mara moja, bila kuuliza. Kuiva kwa maji, kwake, hakukuwa na ajabu, kwa maana maji ya mtungi mpya nayo hayanyweki siku za mwanzo. Ndiyo maana nasema kina kile hakikunisikitisha: *ndiva* na *iva* yalikutana sebuleni kwetu kabla hayajakutana katika ubeti.

Wiki hiyo hiyo mjomba alishuka mjini kwa shughuli zake akalala kwetu. Ni mtu wa miaka themanini kasoro, aliyepata kusimamia zamu za ndiva ya ukoo kwa muda mrefu, na hana neno la ziada. Nilimwamkia, nikamkalisha mbele ya kioo, nikamwambia kwa furaha, "Mjomba, hii ndiyo ndiva yangu."

Alitazama kwa muda. Alilitambua jiwe lake, akautambua na udongo wake pembeni ya kioo, ule mwekundu. Kisha akauliza, "Unaifungua saa ngapi?"

Nikasema haifunguliwi.

"Basi hiyo si ndiva, mpwa wangu. Hiyo ni mtungi." Akaendelea baada ya kunywa chai yake, bila ukali, kama mtu anayesahihisha tarehe. Ndiva, alisema, haiitwi ndiva kwa sababu inashika maji. Shimo lolote linashika maji. Inaitwa ndiva kwa sababu inaachia. Usiku ni wa maji kuja, asubuhi ni ya maji kwenda, na asiyefungua asubuhi amewaibia walio chini. Zamani mtu aliyezuia maji nje ya zamu yake alitozwa mbuzi.

Nimesoma makala nyingi za istilahi, za ndani na za nje, na katika hizo zote sijakuta kanuni iliyosemwa wazi namna hii: kwamba jina halichukuliwi kwa umbo la kitu bali kwa wajibu wake, na anayetaka jina achukue wajibu pia. Gosse alipolichukua neno la lambo hakuna ng'ombe aliyemwuliza zamu yake. Mimi niliulizwa.

Wala jibu halikuwa mbali. Maji ya chombo hiki hayana budi kupunguzwa na kuongezwa upya, kwa kuwa nitrati hujilimbikiza kupita kiasi majani yanachoweza kula. Lita kumi kwa wiki hutosha. Nitrati hiyo ndiyo ile ile inayowekwa kwenye mifuko ya mbolea. Basi kila Jumamosi asubuhi natia mpira wa kunyonyea maji, mdomo mmoja kwenye kioo, mwingine dirishani, na chini ya dirisha nimechimba vitalu viwili vya mchicha na kitalu kimoja cha mnavu. Maji hutoka na rangi ya chai nyepesi. Ndoo nusu inayorudi kwenye kioo ingekwenda mgombani. Sasa inapitia kwa samaki kwanza, kisha inakwenda kwenye mboga. Mama alipochuma mchicha wa kwanza hakusema kitu juu ya ndoo. Alisema majani ni mapana.

Samaki waliingia siku ya thelathini na nane. Ni gapi saba, kutoka kwa yule mfugaji wa Moshi: madume matatu yenye mikia kama khanga zilizokunjwa, majike manne ya rangi ya majivu. Hawatagi, huzaa watoto hai, na mwezi wa pili idadi yao sikuweza tena kuisema kwa yakini. Viluwiluwi vya mbu nikiwapa huviwinda kwa furaha inayomfurahisha hata mtu asiyependa samaki. Watu wa Lamu walijua walichokuwa wakifanya.

Na hapo ndipo penye jambo lililonikosesha usingizi. Mjomba alirudi mwezi wa tatu, akawaona gapi wakila viluwiluwi, akafurahi sana. Kijijini, alisema, mbu wamezidi kuzunguka ndiva, na mjukuu wake mdogo alikuwa ametoka hospitali kwa malaria wiki iliyopita. Akaomba samaki kumi tu, kwenye chupa ya maji, akawaweke juu.

Kwetu mpwa hamkatalii mjomba. Udongo ulikuwa wake, mawe yalikuwa yake, jina lilikuwa lake, na alichoomba ni samaki wasio na bei, kwa ajili ya mtoto. Nilimwambia, mjomba, naomba uniruhusu nikueleze kesho. Usiku nilikaa na taa ya chombo ikiwaka kupita saa zake.

Asubuhi nilimweleza. Gapi si wa huku. Asili yao ni kaskazini ya Amerika ya Kusini, na wamepelekwa nchi nyingi kwa ajili ya mbu hao hao, wakazaliana wasizuilike na kuwabana samaki wadogo waliowakuta. Kilicho ndani ya ndiva hakikai ndani ya ndiva, kwa sababu ndiva hufunguliwa, kama alivyonifundisha mwenyewe: maji huteremka Makanya, na mvua ikiwa kubwa hutafuta njia ya kwenda bonde la Pangani. Katika bonde hilo, ng'ambo ya Upare Kaskazini, liko Ziwa Jipe, lenye perege aliyepewa na wataalamu jina la ziwa lenyewe, *Oreochromis jipe*. Hapatikani duniani ila katika maji ya bonde la Pangani, na sasa ameandikwa miongoni mwa walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mojawapo ya yaliyomfikisha hapo ni perege wengine walioletwa kwa nia njema, wakashindana naye, wakazaana naye, mpaka damu yake ikachanganyika. Nikamtajia na gugumaji la Ziwa Viktoria, ambalo lilitoka kwao Amerika ya Kusini likipendwa kwa ua lake la zambarau.

Alisikiliza. Nilipokwisha akasema, "Kwa hiyo neno letu limeshuka kwako, na samaki wako hapandi kwetu."

Nikasema ndivyo. Sikuona njia ya kulipunguza. Neno likishuka mlimani haliachi pengo huko juu. Wapare wanayo ndiva yao vile vile, hata nikiandika beti mia. Kiumbe akipanda hukaa mahali pa mwingine. Nilikuwa nimezoea kusema kwamba lugha na maji ni kitu kimoja, kwamba vyote hutiririka na kuchanganyika, na watunzi wengi husema hivyo kwa sababu inasikika vizuri. Sisemi tena.

Mjomba alikaa kimya muda ambao chai ilipoa. Kisha aliuliza jambo ambalo lilipaswa kuulizwa na mimi niliyesoma: kiluwiluwi huchukua siku ngapi mpaka aruke? Nikamwambia, kwa joto la huku, kama siku saba hadi kumi na nne. Akapiga paja. Ndiva inayojaa usiku na kutolewa asubuhi, akasema, haimpi mbu siku saba. Haimpi hata mbili. Utotoni mwake walioga ndani ya ndiva na hawakuwaona mbu hawa. Ila sasa tope limejaa, mdomo umeziba nusu, maji ya chini hayatoki tena. Yanalala humo mwezi mzima. Vijana wako Arusha na Dar es Salaam, wazee hawawezi jembe. Samaki wale mbu leo, na tope libaki?

Tulipanda Jumamosi ya pili ya mwezi uliofuata. Msaragambo, neno jingine lililokwisha kushuka kutoka mlima huu hata barazani mwa Kiswahili cha Kilimanjaro na Tanga, uliita watu kumi na tisa, wengi wao wanawake, na wawili walikuja kwa basi kutoka Moshi kwa nauli zao. Tulitoa tope kwa majembe, sepetu na mifuko ya saruji kuanzia saa moja hadi saa tisa. Tope la ndiva ni jeusi, zito, lina harufu ya majani yaliyolala. Kila mtu alijaza mfuko wake akaupeleka shambani, na mimi nilipewa mmoja. Chini kabisa tulilikuta jiwe la mdomo, limechongwa shavu moja ili liweze kutolewa na mtu mmoja, na mjomba akalitoa yeye. Wiki tatu baadaye aliniambia kwa simu kwamba maji yanafika tena mashamba mawili ya chini yaliyokuwa yameachwa. Juu ya mbu hakusema wamekwisha, alisema wamepungua.

Tope nililopewa nimelitia kwenye vitalu chini ya dirisha. Mjomba alipokuja mara ya mwisho, na tangawizi za Mamba ndani ya gunia, ilikuwa Jumamosi, na alinikuta nimekwisha kuushika mpira. Aliniondoa kwa mkono wa upole, akaketi kwenye kigoda, akauweka mdomo wa mpira mahali pake, akainamisha kichwa dirishani kutazama vitalu vyote vitatu, kisha akauliza zamu ya leo ni ya nani.